Karatasi, stika, akriliki au PDMS? Kuchagua polima ya chipu ya maabara ukiwa Nyanda za Juu Kusini

Mwanafunzi wa uhandisi au mtaalamu wa maabara anayetaka kutengeneza chipu yake ya kwanza, yaani kipande kidogo chenye mifereji ya kupitishia vimiminika, huanza karibu kila mara na swali moja: mashine gani itanichongea mfereji mwembamba kuliko zote? Swali hilo lisubiri. Chipu hufia kwenye mfuniko mara nyingi kuliko kwenye mfereji. Mfuniko haushiki, au unashika upande mmoja tu, au gundi inaingia njiani na kuziba kila kitu. Ikinusurika hapo, inakutana na kimiminika ambacho plastiki yake haikiwezi. Kwa hiyo katika kulinganisha malighafi hapa chini nimetanguliza mambo mawili: kitakachopita ndani ya chipu, na namna utakavyoifunika kwa vifaa vinavyopatikana Mbeya, Iringa, Njombe au Mafinga. Wembamba wa mfereji unafuata nyuma, na kwa vipimo vingi mfereji wa nusu milimita unatosha.

Tunazungumzia vipande vya ukubwa wa kioo cha hadubini, vyenye mifereji ya upana wa makumi hadi mamia ya maikromita, ambamo matone machache ya damu, mkojo, maji au kemikali husafirishwa, huchanganywa na kupimwa. Vya mwanzo vilichongwa kwenye kioo na kwenye kaki za silikoni kama zile za vifaa vya elektroniki. Mtambo mdogo wa kutenganisha gesi uliotengenezwa Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1979 ulikuwa wa namna hiyo. Mwaka 1990 Andreas Manz na wenzake wakaeleza wazo la kuiweka kazi nzima ya maabara kwenye kipande kimoja, na mwishoni mwa muongo huo polima, yaani malighafi za molekuli ndefu kama plastiki na mpira, zikaanza kuchukua nafasi kwa sababu ni rahisi na zinakubali kufinyangwa.

Kuna jambo moja la fizikia la kushika mapema. Katika mfereji mwembamba hivyo maji hayavurugiki. Vimiminika viwili vikiingia pamoja hutembea ubavu kwa ubavu, na huchanganyika kwa msambao wa molekuli tu. Molekuli ndogo ya rangi huhitaji kama sekunde 10 kuvuka maikromita 100. Protini kubwa huhitaji karibu mara kumi ya muda huo. Muda wenyewe hukua kwa mraba wa upana, yaani mfereji wa maikromita 500 unadai muda mara 25. Ukichagua njia rahisi inayotoa mifereji mipana, uilipie kwa urefu na kona nyingi.

Karatasi kwanza

Karatasi nayo ni polima, maana ni selulosi, ila watu huisahau kwa kuwa haifanani na plastiki. Mwaka 2007 kundi la George Whitesides wa Harvard lilionyesha kipande cha karatasi chenye mipaka isiyopitisha maji kikipima glukosi na protini kwenye mkojo. Miaka miwili baadaye ikaja njia ya nta: unaichapa juu ya karatasi, unaipasha joto, nayo inazama hadi upande wa pili na kuwa ukuta. Printa za nta za Xerox zilizotumika sana katika kazi hizo haziuzwi tena mpya, lakini muhuri wa chuma uliopashwa moto na kuchovywa kwenye nta ya mshumaa hutoa kuta za kuridhisha ikiwa njia zako zina upana wa milimita mbili tatu. Karatasi iliyozoeleka ni ile ya chujio ya Whatman namba 1, yenye unene wa kama maikromita 180.

Uzuri wake mkubwa ni kwamba tatizo la mfuniko halipo. Karatasi hunyonya maji na kuyasafirisha yenyewe, kwa hiyo hakuna pampu, hakuna shinikizo, hakuna cha kuvuja isipokuwa upande wa chini, na hapo utepe wazi wa ofisini unamaliza kazi. Umeme ukikatika, kipimo kinaendelea. Kasoro yake ya kwanza kwa huku kwetu ni hewa kavu ya Agosti hadi Oktoba: tone linaweza kukauka kabla halijafika kwenye kituo cha rangi. Funika upande wa juu pia, uache tundu la sampuli peke yake.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi, nayo ni uwezo wa kuona kidogo. Linganisha madini mawili yanayopimwa kwenye maji ya kunywa. Kiwango cha mwongozo cha Shirika la Afya Duniani kwa floridi ni miligramu 1.5 kwa lita; kwa zebaki isiyo ya kikaboni ni miligramu 0.006 kwa lita. Tofauti ni mara 250. Floridi, ambayo kwa nchi yetu inajulikana zaidi kama tatizo la kaskazini, iko katika eneo ambalo rangi kwenye karatasi inaonekana kwa macho au kwa kamera ya simu. Zebaki ya mito inayopita machimbo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu Chunya ni habari nyingine. Rangi ya karatasi peke yake haitaiona kwa kiwango hicho cha chini, labda kwanza uikusanye kutoka kwenye maji mengi na kuiweka mahali padogo. Mtu akikuuzia karatasi ya kupima zebaki ya maji ya kunywa, muulize anaikusanyaje.

Kazi ninayoona inaifaa karatasi kabisa ni uchunguzi wa awali wa viuatilifu kwenye mboga, na nyanya za Ilula ni mfano mzuri. Kanuni yake ni hii: kimeng'enya cha asetilikolinesterasi kikifanya kazi kwenye kemikali fulani, rangi inatokea, dawa za jamii ya organofosfati na kabameti hukizuia, rangi inakataa. Unaweka kimeng'enya kwenye kituo kimoja cha karatasi na kemikali ya rangi kwenye kingine, unadondoshea maji ya kuoshea nyanya, unasubiri. Kipimo hicho hakitaji jina la dawa, kinasema tu kwamba kuna kitu kimezuia. Tena hakioni kila kitu: piretri, zao ambalo mashamba yake yako hukuhuku Mufindi, haiui wadudu kwa njia hiyo, kwa hiyo nyanya iliyopuliziwa dawa ya jamii yake itapita kama safi. Kimeng'enya chenyewe hakipendi joto wala unyevu. Hifadhi vipande kwenye mfuko wa foili pamoja na vijipakiti vya kukausha, na weka daima kipande kimoja cha maji safi pembeni kwa kulinganisha, maana kimeng'enya kilichokufa hutoa jibu lilelile la nyanya yenye sumu.

Kile kipimo cha haraka cha malaria kinachotumika zahanati yoyote ni binamu wa njia hii, isipokuwa utando wake ni wa nitroselulosi, ambao hushika protini vizuri kuliko karatasi. Ukihitaji kingamwili, nenda huko. Ukihitaji kemikali ya rangi tu, karatasi ya chujio inatosha na gharama yake ni ndogo mno.

Stika, filamu na mashine ya lemineshini

Njia hii haipewi heshima inayostahili. Maduka ya kuchapa stika za bajaji na magari, yawe Mwanjelwa au Miyomboni, yanatumia mashine yenye kisu kidogo kinachofuata mchoro wa kompyuta. Kisu hicho hicho hukata mfereji kwenye filamu. Mbinu ilielezwa kitaalamu mwaka 2005 na mantiki yake ni nyepesi: mfereji unakatwa kupita kabisa kwenye utepe wenye gundi pande zote mbili, kisha unabandikwa kati ya filamu mbili za poliesta, zile ngavu zilizokuwa zikitumika kwenye projekta za zamani. Kina cha mfereji ni unene wa utepe. Mfuniko ni utepe wenyewe. Unataka ghorofa ya pili? Ongeza utepe na filamu nyingine.

Upana salama ni kuanzia robo milimita kwenda juu. Chini ya hapo kona huvutwa na kisu na kuta hujikunja. Kama huna utepe mzuri, jaribu mashine ya lemineshini ya duka la vifaa vya ofisi. Mifuko yake ni poliesta yenye tabaka la ndani linaloyeyuka, na tabaka hilo linashika filamu iliyokatwa bila gundi nyingine. Hatari yake ni kwamba tabaka hilo linapoyeyuka hutiririka kuingia mferejini, kwa hiyo mifereji iwe mipana zaidi, milimita moja hivi, na mashine uiendeshe kwenye joto la chini linaloshika.

Ubaya wa njia nzima ni gundi kugusa sampuli. Kwa kupima rangi ya madini kwenye maji, hilo halina shida kubwa. Kwa kuzalisha vinasaba au kwa seli hai, baadhi ya gundi huzuia mmenyuko, na hutajua hadi ujaribu. Viyeyushi vya kikaboni ndiyo usahau kabisa, vitailainisha gundi na tabaka zitaachana.

Onyo moja la usalama, kwa sababu duka moja huwa na mashine zote mbili: vinaili ya stika ni PVC. Ikatwe kwa kisu. Ikiingizwa kwenye mashine ya leza hutoa gesi ya kloridi ya haidrojeni, ambayo huunguza mapafu ya fundi na kula vyuma vya mashine yake. Fundi mzuri anajua. Msaidizi wake wa siku mbili anaweza asijue.

Akriliki na PDMS

Hapa ndipo wengi husimama na kusita. Akriliki, kwa jina la kikemia PMMA, ni ile plastiki ngumu inayong'aa ya mabango ya maduka. PDMS ni mpira laini unaopitisha mwanga, unaokuja kama vimiminika viwili vya kuchanganya kwa uzito wa kumi kwa moja na kumimina juu ya kalibu. Mmoja unachongwa, mwingine unamiminwa, na tofauti zote zinaanzia hapo.

Makala nyingi za kisayansi zimefanywa kwa PDMS, hasa tangu kundi la Whitesides lilipochapisha mwaka 1998 njia ya haraka ya kuifinyanga. Mwanafunzi akisoma makala hizo hudhani hakuna njia nyingine. Sifa zake ni za kweli: hufuata umbo la kalibu hadi chini ya maikromita moja, hupitisha oksijeni na kabonidioksidi kwa hiyo seli hazikosi hewa, huvumilia otoklevu (mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke) ya nyuzi 121, na kwa kuwa ni laini unaweza kutengeneza valvu ndani yake kwa kubana ukuta mwembamba kwa hewa, kama Stephen Quake na wenzake walivyoonyesha mwaka 2000. Kwa kukuza seli au kwa chipu yenye valvu nyingi, sijaona cha kuishinda katika maabara ndogo.

Sasa mfuniko. PDMS hushikamana na kioo kwa kudumu ikiwa nyuso zote mbili zimepigwa plazima ya oksijeni (gesi iliyochajiwa kwa umeme, si ile ya damu) kisha zikagusanishwa mara moja. Mashine ya plazima ni ghali na kwa kawaida inaagizwa nje. Kuna kifaa cha mkononi cha cheche za umeme kinachofanya kazi karibu sawa kwa bei ndogo zaidi, ila kitumie penye hewa maana hutoa ozoni. Bila vyote viwili, PDMS bado hujibana yenyewe kwenye kioo safi, na mshiko huo unatosha ikiwa kimiminika kinavutwa kwa bomba la sindano kutoka upande wa kutokea badala ya kusukumwa. Ukivuta, shinikizo la hewa ya nje linabana mfuniko, ukisukuma, unauinua.

Halafu kuna mambo ya mwinuko na baridi, ambayo maelekezo ya kiwandani hayayataji. Mchanganyiko wa PDMS lazima utolewe mapovu kwa pampu ya ombwe. Geji ya pampu husoma tofauti na hewa ya nje, na Mbeya, kwenye mita 1,700 hivi, hewa yenyewe ina shinikizo la kama kilopaskali 82 tu dhidi ya 101 za pwani. Maelekezo yakikuambia uvute hadi kilopaskali 95 chini ya hewa, geji yako haitafika kamwe, na pampu haina kosa. Angalia mapovu, geji iache. Kuganda nako: Sylgard 184, ambayo ndiyo PDMS inayotumika sana, huchukua saa 48 kwenye nyuzi 25 na dakika 35 kwenye nyuzi 100. Chumba cha Mbeya mwezi Julai hakina nyuzi 25, hivyo bila oveni utasubiri sana. Kingine: kichocheo chake ni cha platini na hutiwa sumu na salfa. Glovu za mpira wa kawaida zikigusa kalibu, sehemu hiyo inabaki inanata siku zote. Tumia glovu za nitrili.

Kalibu ndiyo sehemu inayowakatisha tamaa walio mbali na maabara zenye chumba safi, kwa sababu kalibu ya kawaida hutengenezwa kwa utomvu unaogandishwa na mwanga wa urujuanimno juu ya kaki ya silikoni. Zipo njia za mkato. Vinaili ya stika iliyokatwa na kubandikwa kwenye sahani ya plastiki ni kalibu tosha kwa mifereji ya robo milimita kwenda juu. Michelle Khine na wenzake, mwaka 2008, walichapa mchoro kwa printa ya leza kwenye karatasi ya polistirini ya watoto ambayo husinyaa ikiingia oveni. Wino ukainuka na kuwa kalibu, na mistari ikawa myembamba kuliko printa ingeweza kuchapa.

Upande wa akriliki, kifaa kikuu ni leza ya kabonidioksidi ya fundi mabango. Unapeleka mchoro, unapata vipande siku hiyohiyo. Miale yake huivukiza akriliki na kuacha mfereji wenye umbo la kengele iliyopinduliwa, upana wa maikromita 150 au 200 kwa lenzi ya kawaida. Omba akriliki ya kumiminwa, maana ile iliyosukumwa kwa mashine huyeyuka ovyo na kuacha kingo chafu. Leza pia huacha kitu kinachodharauliwa: vituta vidogo kando ya mfereji. Ni vituta hivyo vinavyozuia mfuniko kukaa, na mtu akiongeza nguvu ya kubana ndipo akriliki inapasuka. Ninachopendelea ni kutochonga kabisa. Kata mfereji upite moja kwa moja kwenye bamba la milimita moja, futa kingo kwa msasa laini sana ulioloanishwa, kisha uliweke kati ya mabamba mawili mazima.

Kushikamanisha mabamba hayo ni kazi ya jikoni ukilinganisha na plazima. Akriliki hulainika karibu na nyuzi 105. Unaweza kuyabana na kuyapasha karibu na hapo, lakini mifereji hujibonyeza usipokuwa na kidhibiti kizuri cha joto, na umeme ukikatika katikati hujui umefikia wapi. Njia iliyo rahisi ni pombe ya aisopropili: paka kiasi kati ya mabamba, bana kwa vibanio vya karatasi vya ofisini, weka oveni ya nyuzi 65 hadi 70 kwa muda mfupi, halafu puliza mifereji kuondoa pombe iliyobaki. Kabla ya hapo, vipande vilivyotoka kwenye leza vikae kwanza oveni ya nyuzi 80 kwa saa kadhaa na kupozwa polepole. Leza huacha mkazo ndani ya plastiki, na pombe ikigusa mkazo huo utaona nyufa nyembamba zikitambaa kama utando.

Sasa kimiminika, na hapa ndipo uamuzi hufanyika kwa kweli. Kwa maji, damu, mkojo na asidi nyepesi, zote mbili zinafaa. Baada ya hapo zinaachana. Akriliki huyeyushwa na asetoni na klorofomu, huharibiwa na asetonitrili, na ethanoli huipasua pale penye mkazo, lakini heksani inaivumilia. PDMS ni kinyume chake karibu kabisa: asetoni, ethanoli na asetonitrili huivimbisha kidogo mno, wakati heksani, toluini na klorofomu huivimbisha hadi mifereji kufungwa. Mtu anayechuja mabaki ya viuatilifu kwenye mboga kwa asetonitrili, kama ilivyo kawaida ya maabara nyingi, asiguse akriliki. Mwenye klorofomu aachane na zote mbili, atafute kioo au Teflon.

Lakini asikimbilie PDMS pia yule wa viuatilifu. Mpira huu hunyonya molekuli ndogo zisizopenda maji. Klorpirifosi, kiuatilifu cha jamii ya organofosfati, ni mojawapo, na maabara za kemia hutumia nyuzi zilizopakwa PDMS makusudi ili kuvuta dawa za aina hiyo kutoka kwenye maji. Chipu yako itafanya hivyohivyo bila kuombwa: sampuli inaingia na dawa, inatoka na pungufu, jibu linakuwa zuri kuliko ukweli. Kwa mtu anayepima usalama wa chakula, kosa la upande huo ndilo baya. Shida hiyohiyo huwapata wanaojaribu dawa za binadamu kwenye seli ndani ya PDMS.

Kwa hiyo upendeleo wangu, nikiwa na fundi wa leza umbali wa bajaji na sina mashine ya plazima: akriliki kwa maji, damu, madini na vipimo vya rangi, PDMS kwa seli, valvu na mifereji iliyo chini ya maikromita 100.

Vinasaba na nyuzi 95

Wanaopanga kuzalisha vinasaba kwenye chipu, kwa mfano kwa kifua kikuu, wana tatizo lao la hukuhuku. Mmenyuko wa kawaida wa PCR, unaonakili DNA kwa mizunguko ya joto, unadai nyuzi 94 au 95 ili nyuzi za DNA ziachane. Mbeya maji huchemka karibu na nyuzi 94. Iringa mjini hakuna tofauti kubwa, na Njombe, iliyo juu zaidi, huchemka chini ya hapo. Chipu iliyofanya kazi Dar es Salaam inaweza kujaa mapovu Mbeya kwa sababu hiyo tu. PDMS huzidisha shida kwa kuwa mvuke hupenya ukutani, na akriliki iko nyuzi kumi tu chini ya kulainika.

Njia za kutokea zipo. Funga chipu iwe na shinikizo ndani, au funika tone kwa mafuta ya madini. Badili plastiki uende polikaboneti, inayovumilia hadi karibu nyuzi 145 kabla ya kulainika, ingawa hung'aa yenyewe chini ya mwanga wa floresensi (ule unaozifanya rangi za kipimo zing'ae) na kufanya usomaji kuwa mgumu. Au achana na mizunguko ya joto: LAMP huzalisha vinasaba kwa joto moja la nyuzi 60 hadi 65, ambalo akriliki inalimudu na betri ndogo inaweza kulitunza. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kuitumia kwa kifua kikuu mwaka 2016. Kwa chipu ya kutengenezwa huku juu, nisingefikiria mara mbili, ningechukua LAMP.

Resini ya printa ya 3D

Kwa kifupi, printa ya resini (utomvu unaogandishwa kwa mwanga) ni nzuri kwa vishikio, viunganishi vya mirija na kalibu, na ni ya kukatisha tamaa kwa mifereji iliyofungwa. Pikseli yake ni kama maikromita 50 au pungufu, lakini resini isiyoganda hunasa ndani ya mfereji mwembamba na haitoki. Resini iliyobaki huua seli, na kalibu yake huzuia PDMS isigande mpaka ioshwe, iangaziwe mwanga wa urujuanimno na kuokwa. Printa ya uzi wa plastiki huacha mapengo kati ya tabaka na maji hupita humo. Kama ipo tayari chuoni, itumie. Kuinunua kwa ajili ya chipu peke yake, sishauri.

Zikihitajika kwa maelfu

Yote niliyosema ni ya vipande vichache. Hesabu hubadilika idadi ikipanda, na mfano wake uko mezani kwa maabara nyingi za mkoa: katriji ya GeneXpert ni chombo cha plastiki kilichofinyangwa kiwandani, chenye vyumba vya kuoshea, kuchanganya na kuzalishia vinasaba vya vimelea vya kifua kikuu kutoka kwenye makohozi, na jibu hutoka ndani ya saa mbili. Shirika la Afya Duniani liliidhinisha kipimo hicho Desemba 2010, na mojawapo ya tathmini zake za mapema, iliyochapishwa mwaka 2011, ilifanyika hapa Mbeya. Mwaka huohuo kundi la Samuel Sia wa Chuo Kikuu cha Columbia lilichapisha matokeo ya kaseti ya plastiki iliyojaribiwa Rwanda, ikipima virusi vya UKIMWI na kaswende kwa tone dogo la damu. Hiyo nayo ilifinyangwa kwa sindano ya plastiki moto, na sababu ilikuwa bei ya kipande kimoja.

Kalibu ya chuma ya kazi hiyo hugharimu maelfu ya dola kabla kipande cha kwanza hakijatoka, kwa hiyo haina maana kwa vipande mia. Plastiki inayopendwa ni COC, kopolima ya olefini zenye pete. Haing'ai sana chini ya floresensi, hunyonya maji chini ya asilimia 0.01, hupitisha mwanga wa urujuanimno kuliko akriliki, na huvumilia asetoni, ethanoli na asetonitrili. Heksani na toluini huishinda. Aina zake hulainika kwenye joto tofauti, kuanzia kama nyuzi 70 hadi karibu 180, kwa hiyo uliza aina kabla ya kuagiza. Mabamba yake hayapatikani kwa wauza mabango.

Anayekusudia kufika huko siku moja aanze kuchora chipu yake ya akriliki kwa namna ambayo kalibu itaikubali. Kuta za mfereji zilale kidogo, digrii moja au mbili, ili kipande kitoke bila kukwama. Kusiwe na sehemu iliyopinda kwa ndani ambayo chuma haiwezi kuichomoa, na unene wa bamba uwe sawa kote, la sivyo plastiki hujikunja ikipoa. Mfuniko uwe filamu moja bapa isiyo na mchoro wowote, na matundu yote yawe upande wenye mifereji, maana kulinganisha tundu la mfuniko na mfereji wa maikromita 200 kwa mkono ndiko kunakopoteza muda wa fundi kuliko kazi nyingine yoyote mezani.